Kobe wa gamba laini: jinsi ya kumtambua, kujua ukoo wake na mto anakotoka

Umetumiwa picha kwenye simu. Mnyama wa mviringo, bapa, rangi ya tope, pua imechongoka, kanaswa kwenye nyavu. Aliyetuma anauliza: huyu ni kasa au kobe gani? Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua mpaka upate jina lake la kisayansi, au walau jenasi yake (kundi la spishi ndugu), na ujue kama mnyama huyo ni mwenyeji wa pale alipopigwa picha au kaletwa na mtu. Kuanzia mwanzo hadi mwisho shikilia mambo mawili: tumbo lake na mto wake. Rangi ya mgongo iache mwisho kabisa, kwa sababu hubadilika kwa umri, kwa tope, kwa mwani na hata kwa kamera.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Kobe wote wa gamba laini walio hai leo wako kwenye familia moja, Trionychidae, yenye jenasi 13 na spishi zaidi ya 30. Idadi ya spishi huongezeka kila wataalamu wanapochunguza vinasaba vya wale wa China na Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo usishangae ukikuta orodha mbili hazilingani.

Anza na mgongo. Kobe wa kawaida ana vipande vya pembe vilivyopangana, na mistari kati yake unaiona waziwazi. Huyu hana hata kipande kimoja. Mfupa upo, lakini uko katikati tu na umefunikwa na ngozi. Ukingo wa pembeni ni ngozi tupu inayopinda ukiguswa. Halafu tazama miguu: vidole ni vitano na vimeunganishwa kwa utando mpana, lakini kucha ni tatu tu kila mguu. Pua imerefuka kama mrija, naye huutumia hivyohivyo: hujizika kwenye tope la maji mafupi, hunyoosha shingo, akachomoza pua peke yake juu ya maji. Midomo ni ya nyama, na chini ya nyama hiyo kuna taya kali.

Wanaochanganywa naye Afrika Mashariki ni hawa. Kobe-maji wa kawaida, wa jenasi Pelomedusa na Pelusios, wanaojaa kwenye mabwawa na malambo yetu, wana gamba gumu lenye vipande, na wakiogopa hukunja shingo kwa upande chini ya ukingo wa gamba. Wa gamba laini hurudisha kichwa moja kwa moja ndani. Kobe bapa wa mawe, Malacochersus tornieri, wa nyanda kavu za Kenya na Tanzania, gamba lake hubonyea na ndiyo maana watu humwita laini, lakini vipande vya pembe anavyo na majini haishi. Noa, kasa mkubwa wa baharini, naye ana mgongo kama ngozi, ila ana matuta marefu mgongoni, miguu yake ni makasia, na kucha hana.

Mmoja zaidi atakutatiza mtandaoni, kwa sababu wafugaji wa samaki wa mapambo wanampenda: Carettochelys insculpta wa Guinea Mpya na kaskazini ya Australia. Pua ni kama ya nguruwe, gamba limefunikwa na ngozi, lakini miguu ni makasia kama ya kasa na kila kasia lina kucha mbili. Huyo ndiye ndugu wa karibu kuliko wote, ila yuko kwenye familia yake mwenyewe akiwa spishi pekee iliyobaki.

Hatua ya 2: Omba picha ya tumbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa watu hupiga picha ya mgongo tu. Omba picha nyingine. Aliye naye mkononi mwambie hivi: asimshike ubavuni karibu na kichwa, maana shingo ni ndefu na inageuka kufika nyuma kuliko mtu anavyodhani, na taya hizo zinakata nyama, wala asimwinue kwa mkia. Mikono miwili ishike ukingo wa nyuma kabisa wa gamba, mnyama ainuliwe kidogo na kuinamishwa, picha ipigwe, arudishwe. Dakika moja inatosha.

Kwenye picha ya tumbo tafuta kitu kimoja: vifuniko viwili vya ngozi kwenye ukingo wa nyuma wa gamba la tumboni, kimoja kila upande, vinavyofunika mguu wa nyuma mnyama anapourudisha ndani. Vifuniko hivyo ndivyo vinavyogawa familia nzima mafungu mawili.

Wenye vifuniko ni nusufamilia Cyclanorbinae. Jenasi ni tatu tu: Lissemys ya Asia ya Kusini, na Cyclanorbis na Cycloderma za Afrika. Wasio na vifuniko ni nusufamilia Trionychinae, yenye jenasi 10 zilizosambaa Afrika, Mashariki ya Kati, Asia na Amerika ya Kaskazini.

Uzuri ni kwamba ukiwa Afrika swali hili moja linaweza kumaliza kila kitu. Trionychinae ya Afrika ina spishi moja pekee, Trionyx triunguis. Mnyama wa porini Afrika asiye na vifuniko ni huyo, na hatua zinazofuata ni za kuthibitisha tu.

Wakati picha ya tumbo iko mbele yako, tazama pia mabaka magumu yanayojitokeza kwenye ngozi: ni sehemu za mfupa zenye uso wa kukwaruza. Idadi na mpangilio wake husaidia kutofautisha spishi. Lakini mtoto aliyetoka kwenye yai juzi hana mabaka yaliyokamilika. Huyaota na kuyapanua jinsi anavyokua. Usimhukumu mdogo kwa kipimo cha mkubwa.

Hatua ya 3: Uliza mto, si nchi

Watu hujibu kwa jina la nchi: “Ni Tanzania,” “ni Uganda.” Jibu hilo halikusaidii sana. Kobe hawa wanafuata mabonde ya mito, na nchi moja inaweza kuwa na mabonde mawili yasiyokutana. Uturuki ni mfano mzuri: mito ya kusini-magharibi inayoingia Mediterania ina Trionyx triunguis, na Frati na Tigri upande wa kusini-mashariki zina Rafetus euphraticus. Ukiandika “Uturuki” peke yake hujasema lolote.

Kwa Afrika Mashariki, mgawanyo uko hivi.

Ziwa Turkana na mto Omo unaoliingia: Trionyx triunguis. Ni mnyama wa Naili, na leo Turkana haina mlango wa kutokea. Ila ziwa hilo lilipata kujaa miaka elfu kadhaa iliyopita, wakati mvua zilikuwa nyingi, likamwagikia upande wa Naili. Sangara wa asili wa Turkana wana historia hiyohiyo. Ndiyo maana wanyama wa ziwa hilo wanafanana na wa Khartoum kuliko wa Kisumu.

Ziwa Albert na Naili chini ya maporomoko ya Murchison: Trionyx triunguis tena. Juu ya maporomoko ni habari nyingine. Maporomoko hayohayo yalimzuia sangara kupanda mpaka binadamu alipomtia Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960. Ukiambiwa kobe wa gamba laini kavuliwa Viktoria, usikubali wala usikatae kabla ya kuona mgongo na kucha. Karibu mara zote utakuta ni Pelusios au Pelomedusa aliyejaa tope.

Rufiji, Ruvuma na Ziwa Nyasa: Cycloderma frenatum, mwenye vifuniko. Huyu anaendelea kusini kupitia Malawi, Msumbiji, sehemu za Zambia na mashariki mwa Zimbabwe. Hupenda maji ya chini yenye mchanga au tope, na chakula chake kikubwa ni konokono na kome anaowachimbua. Mtanzania akikuonyesha kobe wa gamba laini aliyemkuta mtoni, mfikirie huyu kabla ya mwingine yeyote.

Kwa hiyo Kenya na Uganda wana wa upande wa Naili, Tanzania ina wa upande wa Zambezi na Rufiji, na wawili hao hawako hata kwenye nusufamilia moja. Anayewaita kwa jina moja amechanganya matawi mawili yaliyoachana zamani sana.

Hatua ya 4: Malizia spishi za Afrika

Spishi za Afrika ni tano, na zote zinaweza kukaa kichwani.

Trionyx triunguis ndiye mkubwa. Gamba hukaribia mita moja. Ni kahawia au kijani cha zeituni, na kichwa na shingo vina madoa madogo meupe au ya manjano ambayo kwa wazee hufifia. Ana eneo pana kuliko wote: bonde la Naili, Afrika Magharibi kuanzia Senegali, bonde la Kongo, Angola mpaka mto Kunene mpakani mwa Namibia, kisha pwani ya mashariki ya Mediterania. Hilo la Mediterania linawezekana kwa sababu huyu huingia maji ya chumvi bila shida na wavuvi wamempata baharini. Mtu akikuletea taarifa ya kobe wa gamba laini aliyeonekana baharini karibu na mlango wa mto huko Gabon au Israeli, usimcheke.

Cycloderma frenatum hufika sentimita 56 hivi. Mdogo ana mistari mitano myeusi inayotoka kichwani kwenda shingoni, na hiyo peke yake inatosha kumtaja. Kwa mkubwa mistari hufifia, kichwa kikawa cha kijivu au kijani, nawe unarudi kwenye vifuniko na mto.

Cycloderma aubryi ni ndugu yake wa misitu ya Gabon, Kongo mbili na Kabinda. Mgongo ni wa kahawia yenye wekundu na mstari mweusi katikati. Wasomaji wa Kongo wazingatie hili: kwao wapo yeye na Trionyx kwenye bonde moja, kwa hiyo mto hauwezi kukusaidia na vifuniko ndivyo vitakavyoamua.

Cyclanorbis senegalensis na Cyclanorbis elegans wanaishi kwenye ukanda wa savana, kuanzia magharibi mpaka Naili ya Sudan Kusini. Hawakutani na Cycloderma kwenye ramani, kwa hiyo vifuniko pamoja na savana ya kaskazini ni Cyclanorbis. Kati ya hao wawili, senegalensis ni mdogo na mabaka yake ya tumboni ni mengi zaidi, hata sehemu ya mbele. Elegans ni mkubwa, mabaka yake machache, na mdogo wake ana madoa ya manjano juu ya kijani. Ukidhani umepata elegans, usitangaze kabla ya kupata picha safi za tumbo. Ni miongoni mwa kobe adimu wa bara hili, alidhaniwa ametoweka, na miaka ya karibuni watafiti wakampata tena kwenye Naili Nyeupe huko Sudan Kusini.

Hatua ya 5: Nje ya Afrika, punguza kwa bonde

Asia ndiyo makao makuu ya familia hii, na hapo hakuna njia ya mkato.

India, Pakistani, Bangladeshi na Sri Lanka, anza na vifuniko. Vikiwepo ni Lissemys, na jambo limekwisha isipokuwa spishi. Visipokuwepo, chagua kati ya Nilssonia, Chitra na Pelochelys. Chitra ni rahisi: kichwa chembamba mno kwa mwili mkubwa namna ile, na macho yako mbele kabisa karibu na pua. Pelochelys ana kichwa kipana na pua fupi. Nilssonia wadogo wengi wana madoa mgongoni yanayofanana na macho. Mmoja wao, Nilssonia nigricans, anajulikana kwa bwawa la ziara ya Bayazid Bostami huko Chittagong, ambako waumini wamemlisha vizazi na vizazi. Mwaka 2002 aliorodheshwa kuwa ametoweka porini, kisha akapatikana Assam, kwenye mabwawa ya mahekalu na bonde la Brahmaputra.

Asia ya Kusini-Mashariki utakutana na Amyda mwenye vinundu mbele ya mgongo, na Dogania mwenye kichwa kikubwa anayependa vijito vya milimani. China na Vietnam ni kwa Pelodiscus, Palea na Rafetus swinhoei. Huyo wa mwisho ni habari ya huzuni. Yule wa ziwa la Hoan Kiem, Hanoi, alikufa Januari 2016. Jike wa bustani ya wanyama ya Suzhou alikufa Aprili 2019 baada ya jaribio la kumpandikiza mbegu. Jike mwingine alithibitishwa ziwa la Dong Mo, Vietnam, mwaka 2020, naye akakutwa amekufa 2023.

Amerika ya Kaskazini ina jenasi moja, Apalone, na spishi tatu. Hapo chungulia matundu ya pua. Apalone mutica hana kitu ndani yake, ni duara safi. Wengine wawili wana kijituta kinachotokeza kutoka kwenye ukuta wa katikati. Kati yao, spinifera ana vijimiiba kwenye ukingo wa mbele wa gamba na ameenea kuanzia kusini mwa Kanada mpaka kaskazini mwa Meksiko. Ferox ana vinundu butu na ni wa Florida na majimbo jirani. Amerika ya Kusini haina kobe wa asili wa gamba laini siku hizi. Australia pia haina, ingawa visukuku vinaonyesha kwamba zamani walikuwepo.

Hatua ya 6: Mshuku mgeni

Mto ukipingana na mwili, amini mwili, kisha uulize nani kamleta. Pelodiscus hufugwa kwa wingi China na nchi jirani kwa ajili ya nyama na supu, na husafirishwa akiwa hai. Ametorokea au kuachiwa sehemu nyingi za dunia. Hawaii hapakuwa na hata mmoja wa asili, na leo wapo Pelodiscus na Palea steindachneri walioletwa na wahamiaji kwa ajili ya chakula. Palea huyohuyo ameletwa Mauritius, ndani ya bahari yetu hii. Kwa hiyo kobe mdogo mwenye pua ndefu, asiye na vifuniko, aliyepatikana kwenye bwawa la mjini mbali na Naili, usimwite Trionyx kwa sababu tu uko Afrika. Kama tumbo lina mabaka meusi juu ya rangi ya machungwa, huyo ni mtoto wa Pelodiscus wa dukani.

Hatua ya 7: Soma jina la zamani vizuri

Ukitafuta kumbukumbu za nyuma utakuta Trionyx ferox, Trionyx sinensis, Trionyx gangeticus. Si wanyama wengine. Zamani karibu Trionychinae wote walirundikwa kwenye jenasi Trionyx, mpaka Peter Meylan alipochapisha uchambuzi wake wa mifupa mwaka 1987 na jenasi zikatenganishwa. Leo ferox ni Apalone, sinensis ni Pelodiscus, gangeticus ni Nilssonia gangetica. Jina la pili ndilo la kufuatilia, nalo hubadilisha mwisho wake kidogo ili kukubaliana na jenasi mpya.

Mabano nayo yana kazi. Trionyx triunguis (Forskål, 1775) ana mabano kwa kuwa aliyemwelezea alimweka kwanza kwenye jenasi nyingine, Testudo. Peter Forskål alikusanya habari zake Misri, akafia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapwa na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Cycloderma frenatum Peters, 1854 hana mabano, kwa sababu Wilhelm Peters, aliyefanya kazi Msumbiji, alimpa jenasi hiyo tangu mwanzo. Ukiweka mabano mahali pasipo pake, umeandika historia ya uongo.

Hatua ya 8: Andika rekodi

Rekodi nzuri ina picha nne: mgongo mzima kutoka juu, tumbo, kichwa kwa upande, na mahali penyewe. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa, rula ikiwezekana. Andika tarehe, jina la mto au ziwa, kijiji cha karibu na alama za GPS za simu. Eleza alivyopatikana: ndoano, nyavu, sokoni, barabarani. Wa sokoni mwandike hivyo, maana huenda alitoka bonde jingine. Iwe hivi:

Cycloderma frenatum Peters, 1854. Rufiji, ukingo wa kusini, maji ya chini yenye mchanga. Gamba sm 41 kwa urefu. Vifuniko vya miguu ya nyuma: vipo. Mistari ya kichwa: imefifia. Alinaswa kwenye nyavu, akaachiwa palepale.

Pale ambapo tumbo halikuonekana, andika “Cycloderma, kwa kuzingatia mahali” na uishie hapo. Jenasi yenye uhakika ina thamani kuliko spishi ya kubahatisha. Picha ukiziweka iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe walioonekana, wataalamu watakusahihisha bure. Ila spishi adimu ficha mahali halisi, kwani walanguzi nao husoma.

Mwisho ni sheria. Spishi zote tano za Afrika ziko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini, kufuatia mkutano wa Johannesburg wa 2016. Kumvusha mpaka akiwa hai, nyama au gamba kunahitaji kibali. Ndani ya nchi, waulize mamlaka ya wanyamapori, yaani TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya au UWA kwa Uganda kabla ya kumweka mnyama kwenye ndoo hata kwa usiku mmoja. Aliyenaswa na ndoano ikaingia kooni, usiivute: kata mshipi karibu na mdomo, mweke kivulini juu ya gunia lililoloweshwa, na uwapigie simu.